Vifaranga Aliowaacha Dada

Jumatatu, 4 Agosti

Wageni wa msiba wameondoka wote isipokuwa mimi. Shemeji aliniomba nibaki mpaka mvua zianze, nami sijui ulimi ulipatwa na nini, nikasema sawa. Cherehani yangu nimeifunika turubai dukani, na wateja nimewaambia wasubiri au watafute fundi mwingine. Sasa nalala katika chumba chenye dirisha linalotazama uwanja wa vifaranga, na kazi yangu ni kulea mbuni wadogo sitini na mmoja ambao mama yao alikuwa dada yangu.

Sisemi mama yao kwa utani. Walianguliwa ndani ya mashine, na kiumbe wa kwanza waliyemwona akitembea alikuwa dada. Akatembea, wakatembea. Akagonga chini kwa kidole, wakadonoa. Alipoanguka uwanjani asubuhi ile, moyo ukiwa umesimama, walimzunguka wakalala naye. Ndivyo shemeji alivyomkuta.

Mimi na dada tulikuwa hatujasemeshana kwa miaka sita. Niliandike hili mapema, lisije likanivizia katikati ya daftari.

Jumanne, 5 Agosti

Redio amenifundisha kazi. Redio ni mfanyakazi wa shamba. Jina la kweli analo, ila wote humwita hivyo kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Majani mabichi yakatwe mafupi, yasizidi urefu wa kucha. Uwanja ufagiliwe jioni wakishaingia ndani, maana kifaranga wa mbuni humeza chochote kinachong'aa au kinachoning'inia: msumari, kijiti, kifuniko cha soda. Anasema jicho la mbuni ni kubwa kuliko ubongo wake, kwa hiyo huona kwanza na kufikiri hafikiri kabisa.

Ijumaa, 8 Agosti

Hawanifuati. Nikienda huku, wanabaki kule. Nikigonga chini kwa kidole wananitazama kama wateja waliokuja kuchukua nguo ambayo haijaanza hata kukatwa.

Shemeji hasaidii. Alfajiri huvuta kamba akiwa nje ya uzio, mlango wao mdogo ukafunguka, kisha huenda zake kwa mbuni wakubwa. Ndani ya uwanja haingii. Mezani anakula kama anayejaza gunia. Mtu aliyezika mke juzi, na sijaona chozi lake hata moja.

Jumapili, 10 Agosti

Wa kwanza amekufa. Nilimkuta asubuhi kwenye chumba cha joto wanamolala, shingo ameilaza juu ya mgongo wa mwenzake, na yule mwenzake aliye hai hakusogea, kama aliyepewa mzigo akaambiwa subiri hapa. Tumbo la marehemu lilikuwa limejaa, gumu. Jana nilifurahi kumwona anadonoa bila kupumzika.

Jumatatu, 11 Agosti

Wawili.

Jumatano, 13 Agosti

Daktari wa mifugo amekuja. Ni mwanamke mfupi mwenye buti kubwa, anayezungumza na nafsi yake huku akifanya kazi. Alimlaza mmoja kwenye meza iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani, akampasua. Kutoka tumbo la kwanza, lile lililo kabla ya firigisi, alitoa donge la nyasi kavu lililosokotana kama kamba, pamoja na mchanga na manyoya.

Nikamuuliza alikuwa na ugonjwa gani.

"Amekufa njaa," akasema.

Nikamwonyesha tumbo lile, limejaa mpaka limetanuka.

"Ndiyo. Amekufa njaa huku ameshiba."

Akanieleza taratibu. Njia ya kutokea kwenye tumbo hilo ni nyembamba. Kifaranga akila vitu virefu, vinajifunga fundo, njia inaziba, na kila anachokula baadaye kinajipanga foleni nyuma ya fundo. Kwa nini ale vitu virefu wakati ana chakula kizuri? Kwa sababu ana hofu. Kifaranga aliyepoteza anayemfuata, mdomo wake hutafuta kazi ya kufanya. Atakula ardhi aliyosimamia.

Ameniagiza kila asubuhi nimshike kila mmoja upande wa kushoto, chini ya mbavu. Tumbo zima ni kama unga uliokandwa vizuri. Likiwa kama soksi iliyojazwa mchanga, nimpe mafuta kwa mpira kooni, nimkande, nimtembeze. Niangalie pia kinyesi: kikiwa vidonge vidogo vikavu kama vya mbuzi, sina muda wa kupoteza.

Alipokuwa ananawa alisema dada alikuwa na mikono mizuri kuliko daktari yeyote anayemjua. Nilitazama mikono yangu. Wanasema tumefanana vidole.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeng'oa nyasi kavu zote uwanjani. Mgongo unanidai talaka. Wamebaki hamsini na wanne.

Alhamisi, 21 Agosti

Kulikuwa na ukungu leo. Nilizoea kelele za vifaranga kunapopambazuka, ule mlio wao unaotetemeka kana kwamba wanaita mtu. Leo kimya ndicho kilichoniamsha. Nikafungua dirisha. Walikuwa wote kwenye kona ya mashariki, wamenyamaza, shingo zimeelekea upande mmoja. Mbele yao amesimama dada.

Alinipa mgongo, kichwa kimemezwa na ukungu. Bega la kushoto limeshuka kidogo, kama lilivyokuwa tangu utotoni kwa kubeba ndoo. Alivaa koti la kazi la samawati, lile nililomshonea mwenyewe kabla hatujagombana. Koti nililitambua kabla sijamtambua yeye.

Nikafunga dirisha. Nina miaka hamsini na minne, nimezika wazazi na mume, lakini niliketi kitandani mikono katikati ya mapaja mpaka jua likatoka. Nilipokwenda kule palikuwa na nguzo ya uzio, na vifaranga wamelala kuizunguka kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kwao.

Ijumaa, 22 Agosti

Wakati wa chai nilimuuliza shemeji, kama mtu anayeuliza habari za hewa, koti la kazi la dada liko wapi. Akasema hajui, labda lilichukuliwa na ndugu pamoja na nguo nyingine. Alikoroga chai yake muda mrefu, na haikuwa na sukari.

Jumamosi, 23 Agosti

Mmoja amekufa. Redio alinikuta ninamzika na bila kuulizwa akasema hashangai. Naye amemwona, mara mbili, kwenye ukungu. "Mama huja kuwahesabu watoto wake," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya. Nikamwambia afunge mdomo. Akaufunga, kwa mara ya kwanza tangu nije, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Jumapili, 24 Agosti

Nieleze ugomvi wetu, maana leo haunitoki.

Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho nilimuuguza peke yangu, wiki saba. Dada kila siku alikuwa anakuja kesho. Vifaranga wanaumwa matumbo, alisema kwenye simu, nikiondoka watakufa. Mama akafa, tukazika, dada hakuja. Alipiga simu siku ya tatu. Nilimwambia maneno haya, nayakumbuka yote: "Wewe umechagua kulea ndege. Basi kaa na ndege zako, na siku ukifa wakuzike wao." Nikakata.

Sasa nimekaa mimi na ndege zake.

Alhamisi, 28 Agosti

Ukungu tena. Nimemwona tena, kona ile ile, bega lile lile. Vifaranga walikuwa karibu naye kabisa, wanadonoa pindo la koti polepole, kama watoto wanaovuta nguo ya mama akiongea na watu wazima. Sikutoka nje.

Ijumaa, 29 Agosti

Wawili.

Nimetafuta hesabu nyingine na sijaipata: akionekana, haipiti siku mbili bila kifaranga kufa. Nakata majani mafupi. Nawatembeza, ingawa ni mimi ninayewafuata. Nawapa mafuta mpaka nguo zangu zinanuka kama jiko la chapati. Lakini bado wanaziba, na wanaoziba ni wale wanaosimama mbele kabisa kwenye kona ile.

Jumapili, 31 Agosti

Leo nimesimama kwenye nguzo ile mchana kweupe nikasema kwa sauti, "Dada, niachie hata nusu." Redio alikuwa nyuma yangu na toroli. Alijifanya anakagua gurudumu.

Jumanne, 2 Septemba

Watatu kwa siku moja. Shemeji aliitwa, akaja mpaka kwenye uzio, akatazama, akarudi. Nilimchukia kiasi kwamba niliosha vyombo vya jana vilivyokuwa safi.

Alhamisi, 4 Septemba

Daktari amepasua wawili. Nilikuwa nimeshika beseni. Alitoa donge, akalifungua kwa koleo, akasema hii si nyasi. Ulikuwa uzi. Nyuzi za samawati zilizochambuka, zimejifunga kwenye majani, na katikati yake uzi mmoja mrefu wa nailoni, rangi ya chungwa, ambao hata asidi ya tumbo haikuugusa.

Nilikalia ndoo.

Ule uzi ni wangu. Siku niliposhona koti la dada nilikuwa nimeishiwa uzi wa samawati, basi pindo la chini nikalipiga kwa nailoni ya chungwa, mara mbili ili lisichanike kamwe. Dada alicheka akasema nimemtia mkia wa kuku. Hakuna koti jingine duniani lenye pindo lile.

Mzuka haupungukiwi nyuzi. Sikumwambia daktari kitu. Nilimwomba tu aje kesho mapema, na vifaa vyake vyote.

Ijumaa, 5 Septemba

Niliamka kabla ndege wa porini hawajaanza kulia, nikavaa, nikatoka. Ukungu ulikuwa umelala chini kama povu. Nilimwona dada amesimama pale. Miguu yangu ilitaka kurudi, nikaivuta mbele.

Mtu alikuwa amepiga magoti mbele yake. Shemeji. Alikuwa amelitundika koti kwenye msumari wa nguzo, na analinyoosha mabega kwa mikono miwili, taratibu, kama unavyomrekebishia mtu nguo kabla hajatoka kwenda mahali. Koti lilisimama kwa umbo lake kwa sababu mimi ndiye niliyelikata hivyo, bega la kushoto chini kidogo. Nilipima bega hilo mwenyewe. Vifaranga walikuwa wamemzunguka yeye na koti. Wanne walikuwa wanavuta nyuzi za pindo na kumeza.

Hakushtuka aliponiona. Akasema, bila kusimama, kwamba asubuhi zile za mwanzo walikuwa wanalia tangu mlango unapofunguka mpaka jua linapowaka, wanamwita dada, na yeye hakuweza kusikiliza. Siku moja akajaribu koti. Wakanyamaza. Tangu hapo, kila alfajiri yenye baridi, hulitundika, na kabla sijatoka hulitoa. Nguo nyingine za dada ziliondoka na ndugu. Hii aliificha chini ya mahindi stoo.

"Halijaisha harufu yake," akasema. "Na wao wanajua."

Nilikuwa na yale maneno ya chuki niliyoyahifadhi mwezi mzima. Badala yake nilichutama nikamwonyesha pindo. Lilikuwa limechambuka kiasi cha shubiri nzima. Nikamwambia jana daktari alitoa nini tumboni mwao. Akalishusha koti, akalikunja kipande kwa kipande, akalikumbatia, na hapo ndipo alipolia. Alilia vibaya, kama mtu asiyejua inavyofanywa. Vifaranga walipoona koti limeondoka walianza mlio wao, wote kwa pamoja, na sikujua nimbembeleze nani kwanza.

Baadaye nilishika matumbo ya wote. Ya watano yalikuwa magumu. Daktari alisema wanne tuwajaribu kwa mafuta, lakini mmoja, yule tunayemwita Chelewa kwa kuwa hufika wa mwisho kila mahali, hana muda huo.

Tulimpasulia kwenye meza ya mlango. Redio alishika miguu, shemeji alishika kichwa, nami nikashika taa na vyombo. Daktari alichoma dawa ya usingizi, akanyonyoa manyoya upande wa kushoto, akakata. Tumbo likatoka kwenye tundu, jeupe, limevimba, likipanda na kushuka kwa pumzi. Alilitoboa, akaingiza vidole, akavuta. Uzi ulitoka, na majani, na uzi tena. Shemeji alikuwa anaangalia kila unapotoka. Nilitaka kumwambia atazame pembeni, ila nilifikiri ana haki ya kuona.

Daktari alishona tumbo mara mbili, tabaka juu ya tabaka, mshono wa ndani umegeuzwa ili usivuje. Nimeshona miaka thelathini na sijawahi kuona kazi kama ile. Chelewa aliinua shingo adhuhuri, ikaanguka. Akaiinua tena.

Jumamosi, 6 Septemba

Chelewa amekunywa maji.

Shemeji alikuja kukaa naye kwenye chumba cha joto, nami nilikuwa nakunja magunia. Alianza kuongea akiwa amempa mgongo mlango, na mimi, na dunia.

Alisema: wiki ile ya mwisho ya mama, dada aliondoka. Alifunga begi, akaenda kituoni, akakata tiketi, akapanda basi, akakaa kwenye kiti. Huku nyuma vifaranga wakaanza kuziba, kumi asubuhi moja. Yeye akapata kiwewe. Akampigia simu. Akamwambia akiondoka shamba limekufa, na mama yenu ni mgonjwa wa muda mrefu, atamkuta tu. Dada akateremka kwenye basi. Mama alifariki jioni ile.

"Alinikataza nisikwambie," akasema. "Alisema ukinichukia mimi, hutakanyaga hapa tena, na yeye atakuwa hana pa kupatania nawe. Bora umchukie yeye. Alikuwa na hakika utapoa."

Nilimaliza kukunja magunia. Nikatoka.

Jumatatu, 15 Septemba

Sikuandika. Nafanya kazi.

Jumatano, 17 Septemba

Nimefunga begi. Nimelifungua tena kwa sababu Chelewa ana mshono wa kutolewa Ijumaa.

Jumatano, 24 Septemba

Leo shemeji aliingia uwanjani. Hakuna aliyemwomba. Alivaa shati lake la kawaida, akasimama katikati kama mgeni kwenye harusi ya watu, kisha akaanza kutembea. Hakuna aliyemfuata. Akazunguka mara moja, mara mbili, mzee wa watu, anagonga chini kwa kidole kila baada ya hatua kumi. Mzunguko wa sita Chelewa akainuka, na manyoya yake nusu upande, akamfuata.

Nilikuwa na hasira naye bado. Lakini nilijikuta nimeshika uzio kwa mikono miwili, navihimiza vile vingine moyoni: nendeni, wajinga nyinyi, nendeni.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mwezi mzima hajafa hata mmoja. Wamebaki arobaini na wanane, na wamenifikia kifuani. Matumbo laini. Kinyesi kizuri, sikuwahi kufikiri nitaandika sentensi hiyo kwa furaha. Daktari anasema wamevuka.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Redio anasema aliitabiri. Anatabiri kila siku, kwa hiyo ni kweli.

Jumapili, 26 Oktoba

Kesho narudi kwenye cherehani yangu. Mvua imetulia, na majani mapya yamechipua mafupi, laini, aina ile ambayo kifaranga hawezi kujiumiza nayo hata akijitahidi.

Baada ya chakula cha mchana nilimwambia shemeji sijafika kwenye kaburi la dada tangu siku ya mazishi. Hakuuliza kwa nini leo. Akafungua lango kubwa, akatangulia, na mbuni arobaini na wanane wakatoka nyuma yake kwa mwendo wao wa kunesa. Nami nikafuata nyuma. Ni mwendo wa dakika kumi, nyuma ya shamba la majani. Kaburi lote limefunikwa kijani. Walipofika walitawanyika wakaanza kudonoa, juu yake na pembeni yake, na sikuwafukuza.

Niliketi. Shemeji akasimama mbali kidogo.

Nilimwambia shemeji jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku ile ya mwisho mama aliniuliza tangu asubuhi, dada yako yuko wapi. Nilijua hatakuja. Nilikuwa na uhakika, na nilikuwa na hasira mpaka mdomo mchungu. Lakini mtu anayekufa humwambii hivyo. Nikamshika mkono nikamwambia yuko kwenye basi, mama, ameshakaa kwenye kiti, anakuja. Mama akaniuliza amekaa dirishani? Nikasema ndiyo, dirishani. Akatabasamu akafumba macho. Miaka sita nimeubeba uongo huo. Sikuwahi kumsamehe dada kwa kunilazimisha nimdanganye mama yangu saa yake ya mwisho.

Shemeji alisogea karibu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Alikuwa dirishani. Aliniambia kwenye simu anaona watu wanapandisha mizigo."

Mbuni walikuwa wanakula. Unasikia ile sauti ndogo ya majani yakikatika, mamia kwa mamia. Niliweka kiganja changu juu ya nyasi zenye maji, nikamwambia dada kwamba mama alijua alikuwa njiani.